Bosi Akisema Usirudi Kesho, Notisi Yako Analipa Nani?

Samahanini kwa ukimya wa wiki hizi. Kwa kawaida hapa huwa naandika juu ya Linux, hifadhidata na seva zinazoanguka saa nane za usiku. Leo nataka kuongea juu ya karatasi moja na shilingi 9,000. Seva imo pia, ila itachelewa kidogo, kwa hivyo vuteni subira.

Baadhi yenu mnajua kwamba niliacha kazi. Kazi yenyewe ilikuwa Changamwe, kwenye kampuni ndogo (jina silitaji, msiniulize) inayotunza programu ya yadi za makontena. Si kazi ya kujisifia harusini. Kontena likifika getini karani anaingiza nambari yake, programu inalitafutia nafasi kwenye safu, na siku ya kutoka inachapisha karatasi ambayo mlinzi asipoiona hafungui geti hata kwa Rais. Niliingia hapo mwaka 2022 na digrii yangu ya sayansi ya kompyuta, nikaikuta programu imeandikwa na watu watatu tofauti ambao kila mmoja alimchukia aliyemtangulia. Nikawa wa nne.

Mshahara ulikuwa shilingi 78,000 kwa mwezi kabla ya makato, Jumatatu mpaka Jumamosi. Nautaja kwa sababu mbele kuna hesabu.

Agosti 2025 nikapata kazi nyingine, ya kuanza tarehe 1 Oktoba. Mkataba wangu wa zamani ulikuwa na sentensi moja fupi juu ya kuachana: upande wowote utoe notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi, au ulipe mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi. Basi Jumatatu tarehe 1 Septemba nikapeleka barua, nikiwa nimevaa shati la kola kabisa. Mwezi mmoja, kila kitu sawasawa. Nilijiona mtu mstaarabu.

Bosi aliisoma, akaikunja mara mbili, akasema, "Sawa, kijana." Siku mbili kimya. Jumatano saa tisa alasiri nikaitwa ofisini, mhasibu yuko hapo. (Mhasibu ndiye pia idara ya wafanyakazi, na ndiye anayenunua maziwa ya chai.)

"Mtu aliyekwisha ondoka moyoni simtaki kwenye mashine zangu," bosi akasema. "Iache kompyuta hapo. Kesho usirudi."

Mhasibu akanisogezea karatasi. Siku tatu za kazi, shilingi 9,000. Chini yake mstari mmoja: nimepokea malipo yangu yote na sina dai lingine lolote. Chini ya mstari, kalamu.

"Na notisi je, bosi?"

"Notisi gani tena? Si wewe uliyeacha? Wataka nikulipe ukae kwenu umelala?"

Niwaambie ukweli, jamani: wakati ule maneno yake yaliniingia akilini. Mimi ndiye niliyeandika barua. Mimi ndiye niliyetaka kwenda. Mtu hakunifukuza. Nilikaribia kabisa kuichukua ile kalamu. Mimi ni yule yule ambaye kila nikiweka programu mpya hubofya "Nakubali" bila kusoma neno hata moja, lakini mara hii mkono ulikataa. Nikasema nitaisoma nyumbani. Bosi akacheka. "Kasome. Herufi hazitabadilika."

Basi nikapanda matatu. Kutoka Changamwe mpaka Mishomoroni ninakokaa, upande wa Kisauni, unavuka Makupa, unapita Buxton, unavuka daraja la Nyali, na foleni ikiwa mbaya una saa nzima ya kupiga hesabu. Kodi ya nyumba 14,000, tarehe 5. Karo ya mdogo wangu wa kike 31,000, ilipwe kabla ya tarehe 15 la sivyo hafanyi mtihani. Mshahara wa kwanza wa kazi mpya, mwisho wa Oktoba. Mfukoni, 9,000 ambazo bado sijazipokea. Nilipofika daraja la Nyali nilikuwa nimeshaacha kuhesabu, naangalia maji tu.

SHERIA INASEMAJE

Usiku ule nikafanya kile ambacho huwaambia watu wafanye kabla ya kuuliza swali la kijinga: nikasoma maelekezo. Sheria ya Ajira ya Kenya ni ya mwaka 2007, ilianza kutumika Juni 2008, na iko wazi kwenye tovuti ya Kenya Law bila malipo. Ni rahisi kuisoma kuliko maelekezo mengi ya programu niliyowahi kuyapitia.

Kifungu cha 35 kinapanga urefu wa notisi kwa kufuata namna mtu anavyolipwa. Anayelipwa kwa siku, kazi yaweza kwisha jioni bila notisi. Anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28 kwa uchache, kwa maandishi. Mkataba ukisema zaidi, kama wangu, mnafuata mkataba.

Kifungu cha 36 ndicho chenye malipo badala ya notisi. Upande wowote unaweza kuvunja mkataba papo hapo, mradi umlipe mwenzio kile ambacho kingelipwa kwa muda ule wa notisi. Upande wowote, nasisitiza. Upanga huu una makali mawili. Mwenzangu mmoja niliyesoma naye alipata kazi ya kampuni ya nje, ya kufanyia nyumbani, akaondoka siku ile ile bila kumaliza notisi. Alishangaa kuambiwa yeye ndiye anayedaiwa mwezi. Alidhani notisi ni zawadi anayopewa mfanyakazi, kumbe ni deni linaloweza kukaa upande wowote.

Lakini mimi nilikuwa katikati. Sikuondoka bila notisi, wala bosi hakunifukuza. Nilitoa notisi, naye akaikata. Hapo ndipo nilipokuta kifungu cha 38, mistari michache tu, na nikaisoma mara tano. Kwa maneno yangu: mfanyakazi akitoa notisi, na mwajiri akamwambia asiimalize yote au sehemu yake, mwajiri atamlipa kwa ile sehemu ambayo haikufanyiwa kazi, isipokuwa kama wamekubaliana vingine.

Nikaamka kitandani. "Isipokuwa kama wamekubaliana vingine." Na ile karatasi je? Ile karatasi yenye kalamu ndiyo ingekuwa makubaliano yenyewe! Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya Coastal Bottlers juu ya karatasi za namna hii. Ilisema kila kesi itaangaliwa kwa mazingira yake, na swali kubwa ni kama mtu alisaini kwa hiari yake, akijua anachokisaini. Katika kesi ile mfanyakazi alifungwa na saini yake. Mimi ningesaini kwa hiari, tena nikiwa na digrii. Ningemwambia nani kwamba sikujua kusoma?

Hesabu basi. Septemba 2025 ilianza Jumatatu, ina siku 30 na Jumapili nne, kwa hivyo siku za kazi 26. 78,000 gawanya kwa 26 ni 3,000 kwa siku. Siku tatu nilizofanya, 9,000. Siku 23 nilizokatazwa kufanya, 69,000. Jumla 78,000, yaani mshahara wa mwezi kamili. Juu yake kuna likizo. Sheria inampa mfanyakazi siku 21 za kazi kwa kila miezi 12, nami nilihesabu 14 ambazo sikuzichukua: 42,000. Zote pamoja 120,000 kabla ya makato. Na mimi nilikuwa nusura nisaini 9,000!

KUZIMA KWA UTARATIBU NA KUNG'OA WAYA

Wale wa Linux mtanielewa hapa, na wengine nitawaeleza pole pole. Kuna njia mbili za kuisimamisha programu inayokimbia. Ukiandika kill na nambari ya programu, inapelekewa ishara ya 15, SIGTERM. Maana yake ni: mwenzangu, muda umekwisha, maliza ulichoshika, funga faili zako, uondoke. Programu nzuri ikisikia hivyo inaandika data yake kwenye diski, inaaga na kutoka. Ukiandika kill -9, inapigwa ishara ya 9, SIGKILL. Hii programu haiisikii hata kidogo. Inakatwa na kiini cha mfumo, iwe imeshika nini au haikushika. Faili iliyoandikwa nusu inabaki nusu.

Notisi ni ile ya 15. Mwezi mmoja wa kufunga faili: huyu aanze kutafuta kazi, yule atafute mtu, aliyepo afundishwe, mfunguo ukabidhiwe. Malipo badala ya notisi ni ruhusa ya kutumia ile ya 9, kwa sharti kwamba anayeitumia alipe gharama. Sheria haikumlazimisha bosi anivumilie mwezi mzima. Hofu yake naielewa, maana mtu anayeondoka akiwa na neno la siri la seva anaweza kufanya uharibifu. Alikuwa na haki ya kuniambia nitoke siku ile. Haki hiyo ilikuwa na bei, na bei hakutaka kuilipa.

Jambo moja msilichanganye. Kulipwa mwezi mmoja hakumpi mwajiri ruhusa ya kumfukuza mtu bila sababu. Zamani, kabla ya sheria hii ya 2007, mwajiri aliweza kukupa mwezi wako mkononi na maelezo hana. Siku hizi akikuachisha yeye, ni lazima awe na sababu ya haki, na kama ni makosa yako au utendaji wako akusikilize kwanza. Na ikiwa ni kupunguza wafanyakazi, juu ya notisi kuna siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika. Watu wa Changamwe hawahitaji kufundishwa hili. Mizigo ilipoanza kupelekwa bara kwa reli mpya mwaka 2018, mpaka amri ile ilipoondolewa Septemba 2022, somo la kupunguzwa kazi lilipita mlango kwa mlango.

MJOMBA NA KIBARUA

Jumapili tarehe 7 nikaenda Likoni kwa mjomba. Nilivuka feri kwa miguu, ambapo hulipi kitu, na siku ile bei hiyo ilinifaa sana. Nilikwenda kukopa, lakini mtu hafiki kwa mjomba wake akaanza na kukopa. Tulikaa barazani, kahawa chungu, kashata, habari za mama, habari za mguu wake. Kisha nikamweleza yote.

Mjomba alibeba magunia upande wa Kilindini miaka mingi, kwa siku. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hiyo barua yako ya kazi, ni ya mwezi?"

"Ya mwezi, mjomba."

"Mimi yangu ilikuwa ya siku. Ndiyo maana yaitwa kibarua. Barua ndogo."

Maisha yangu yote nimelitumia neno kibarua na sikuwahi kulisikiliza. Ni barua ndogo kweli: kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa siku kuonyesha kazi yake na kudai ujira wake. Mji huu umejengwa na vikaratasi hivyo. Januari 1947 Mombasa nzima iligoma kwa takriban siku 12, wa bandarini, wa reli na wa mahoteli, na katikati ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ikaanza kuwasajili vibarua wa bandari ili kazi isiwe ya kuokota watu kila asubuhi. Bado, mjomba aliyezaliwa baadaye sana alibeba magunia kwa kikaratasi cha siku. Jioni likizama jua, kazi imekwisha. Hakuna cha kumdai mtu.

"Wewe waweza kumdai," akasema. "Mimi hata wa kumdai sikuwa naye. Usimsaidie kuifanya barua yako iwe ndogo."

(Wenye vibarua, tulizeni roho kidogo: kifungu cha 37 kinasema mfanyakazi wa siku akifanya kazi mfululizo siku zinazofika mwezi mmoja, au kazi yenyewe ikiwa si ya kwisha ndani ya miezi mitatu, anahesabiwa kama wa mwezi, na notisi ya siku 28 inamhusu. Mjomba nilipomsomea hili aliniomba nirudie. Kisha akanyamaza, akaangalia upande wa feri. Sheria hii ilimkuta amekwisha acha.)

Alinipa 20,000 za karo bila mimi kuomba. Alijua tangu nilipovua viatu.

Jumatatu nikaandika barua ya madai, ukurasa mmoja, bila tusi hata moja. Tarehe ya notisi, tarehe niliyoambiwa nisirudi, kifungu cha 38, hesabu, na ombi la majibu ndani ya siku 14. Nikaipeleka mwenyewe, mhasibu akagonga muhuri nakala yangu. Kisha nikaenda leba. Afisa aliniambia niwape muda wajibu, wasipojibu nirudi yeye awaite. Aliniambia pia kwamba sina haja ya kukimbia, kwani sheria inatoa miaka 3 ya kudai, na kwamba kwa mshahara usiozidi 80,000 kesi kama yangu husikilizwa na hakimu.

SEVA SASA

Alhamisi tarehe 11, saa nne asubuhi, simu. Karani wa yadi. "Kaka, karatasi za kutokea hazitoki. Malori yamejaa mpaka barabarani."

Nilijua kabla hajamaliza. Kila Jumatano jioni nilikuwa nafuta logi za zamani kwa mkono, maana diski ya ile seva ni ndogo. Jumatano ya kwanza nilikuwa naitwa ofisini. Jumatano ya pili nilikuwa kwangu. Diski imejaa, hifadhidata haina pa kuandika, printa kimya.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sijivunii. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa utamu. Nilitabasamu peke yangu, hapo Mishomoroni, kikombe mkononi. Acha aone! Kisha nikamfikiria karani, ambaye ndiye angetukanwa na kila dereva, na madereva wenyewe waliolala kwenye foleni na utingo wao, na utamu ukaniishia mdomoni.

Kwenye kompyuta yangu ya nyumbani nilikuwa bado na ufunguo wa kuingia kwenye ile seva. Bosi alichukua mashine, ufunguo hakuufikiria. Huenda ulikuwa bado unafanya kazi. Amri moja, sekunde mbili, malori yanatembea. Sikujaribu. Hata kujaribu tu kungekuwa kuingia, na ruhusa yangu ilikwisha Jumatano saa tisa. Sheria ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta inampa anayeingia bila ruhusa faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Nia njema ningeieleza mahakamani, huku upande wa pili ukiwa na barua yangu ya kudai pesa kama ushahidi wa hasira. Nikaufuta ufunguo.

Saa sita bosi mwenyewe akapiga. Sauti ilikuwa ya chini. "Kijana, hii kitu umeifanya nini?"

"Sijaifanya kitu, bosi. Hicho ndicho kilichotokea. Kila wiki kuna kitu nilikuwa nakifanya, na wiki hii hakikufanywa."

Kimya. Kisha akauliza, na sidhani alikuwa na ubaya, "Mbona hukuandika mahali?"

Hapo, ndugu msomaji, ndipo aliponipata. Miaka mitatu! Miaka mitatu nafuta logi kwa mkono, na skripti ya kuifanya kazi hiyo ni mistari minne. Sikuiandika. Nilikuwa nasema sina muda. Lakini nikijichunguza vizuri, nilipenda kuwa mtu anayejua. Ujinga wa wengine ulikuwa bima yangu. Bosi alitumia kalamu kunifunga. Mimi nilikuwa nimeifunga yadi nzima kwa kichwa changu, na wala sikumwambia mtu. Mwezi wa notisi ungenilazimisha kuyafungua haya yote. Kwa kuukata, yeye alijiokolea wiki nne za kuniona uso, nami nikaokoka aibu yangu, mpaka ile Alhamisi.

Nikamwambia nitakuja, ila anitumie ujumbe wa maandishi kwamba ameniita. Akatuma. Ijumaa asubuhi nilikaa nyuma ya karani saa mbili, mikono nimeikunja kifuani, yeye ndiye anaandika kila amri. Logi zikaondoka, hifadhidata ikaamka, printa ikatema karatasi ya kwanza na madereva wakapiga makofi kama timu imefunga bao. Tukaandika skripti ile ya mistari minne, tukaiweka ijiendeshe yenyewe kila usiku. Dakika kumi. Nilitamani ardhi inimeze.

Bosi akaniita chai. Barua yangu ilikuwa mezani, amepigia mstari kifungu cha 38. "Mimi nilidhani mtu akiacha mwenyewe ameacha na haki yake," akasema. Mpaka leo naamini alikuwa anasema kweli. Si kila anayekunyima ni mwizi. Wengine hawajasoma kama wewe ulivyokuwa hujasoma. Tukakubaliana, kwa maandishi: nije siku sita ndani ya mwezi ule kukabidhi kazi, nilipwe mwezi wote. Yaani tuliirudisha notisi, imekatwakatwa kidogo, lakini ni ile ile.

Likizo tulivutana. Mimi nilisema siku 14, daftari la mhasibu lilisema 9. Sheria inamtaka mwajiri aweke rekodi za likizo, na daftari lenyewe lilikuwa na kurasa zilizolowa chai, lakini hata mimi ushahidi wangu ulikuwa jumbe za simu nusu nusu. Tukakutana kwenye 11, shilingi 33,000. Pengine ningeshinda 14 kwa hakimu. Nilitaka kumaliza. Tarehe 30 Septemba zikaingia 111,000 kasoro makato ya kawaida, pamoja na cheti cha utumishi, ambacho nacho ni haki ya kila aliyefanya kazi zaidi ya wiki nne. Siku iliyofuata nilimrudishia mjomba 20,000 zake. Alizihesabu mbele yangu, noti kwa noti, kisha akaniwekea kahawa.

KABLA SIJARUDI KWENYE KAZI

Kwa wenzangu wa seva na misimbo, na wengine wote mnaopanda matatu asubuhi:

1. Toa notisi kwa maandishi, weka nakala yenye tarehe na muhuri. Ukiambiwa usirudi, omba hilo nalo liandikwe. Wasipotaka, waandikie wewe siku ile ile kuthibitisha ulichoambiwa.

2. Usisaini "sina dai" siku ile ile. Usiku mmoja wa kusoma ulinifaa kwa zaidi ya 100,000.

3. Ukitaka kuondoka mara moja, jua bei yako. Mwezi wa notisi usiofanya ni mwezi unaoweza kudaiwa wewe. Kubaliana nao kwanza. Mara nyingi wanakubali nusu kama umekabidhi vizuri.

4. Rudisha funguo zote, na zile walizozisahau zifute. Hasa hizo.

5. Waajiri mnaonisoma: mna haki ya kumtoa mtu siku ile ile. Mlipeni, na kabla hajafika mlangoni muulizeni ni nini anachokifanya kila Jumatano jioni.

Kwenye kazi mpya, wiki ya kwanza kabla hata sijagusa programu, nilifungua faili nikaiita "Nisipokuwepo". Kila ninachokifanya kwa mkono kinaingia humo. Juzi mkuu wangu aliiona, akaniuliza kwa wasiwasi kama nina mpango wa kuondoka. Nikamwambia la, bado sana.

Haya, tuonane wiki ijayo. Nitaandika juu ya kusafisha logi, na mara hii nitaweka ile mistari minne.